Wanawake wa Mabati

Mara nyingi tusomapo historia ya nchi yetu, twasoma habari za magavana na machifu, za vita na mikataba, za vyama vya siasa na viongozi wake. Habari hizo zina maana, nazo yatupasa tuzijue. Lakini yako mambo makubwa yaliyotendeka bila tarumbeta wala hotuba, na alama zake haziko vitabuni tu, bali ziko juu ya nyumba na kando ya vilima. Mtu asafiriye kutoka Thika kwenda Murang'a na Nyeri huona mapaa ya mabati yaking'aa juani kila upande. Katika miaka ya 1950 nyumba za watu wa kawaida katika sehemu hizo zilikuwa karibu zote za nyasi. Ni nani basi aliyeyabadili mapaa hayo? Mengi yalibadilishwa na wanawake wa mashambani, ambao wengi wao hawakupata kuingia darasani, kwa fedha walizozichanga kidogo kidogo baada ya kazi ya jembe.

Insha hii ni habari ya wanawake hao na ya wenzao wa sehemu nyingine za Kenya. Nataka kuonyesha walikotoka, namna walivyoipanga kazi yao, mahali walipofaulu na mahali walipokwama. Nataka pia msomaji aangalie jambo moja toka mwanzo hata mwisho. Mwaka wa 1948 wanawake wa Murang'a walikataa kuchimba matuta. Baadaye wanawake wa nchi hii hii walichimba matuta, wakaezeka nyumba na kupanda miti kwa mamilioni, wala hapana aliyewashurutisha. Jembe lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua kazi ifanywe, na kwa faida ya nani.

Desturi ya kusaidiana kazi ni ya zamani sana katika nchi zetu. Wakikuyu waliiita ngwatio, Wakamba mwethya, na Wajaluo saga. Mwenye shamba lililosongwa na magugu aliwaita jirani zake, nao wakaja na majembe yao, wakalima kwa pamoja mpaka kazi ikaisha. Kisha siku nyingine wakaenda shamba la mwenzao. Hapakuwa na mshahara. Malipo ya kazi yalikuwa ni kazi, pamoja na chakula alichoandaa mwenye shamba. Aliyelimiwa leo alijua kwamba ana deni, na asiyelilipa deni hilo alijikuta peke yake msimu wa mvua ulipofika. Wanawake waliitegemea sana desturi hii, kwa sababu kupanda, kupalilia na kuvuna kulikuwa juu yao. Wahenga walisema kweli kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini tusisahau kwamba katika ngwatio mtu aliitwa, hakuamriwa. Na kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kufaidiwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka wa 1945, Serikali ya Kikoloni iliona kwamba udongo wa mashamba ya Waafrika unachukuliwa na mvua na kuingia mitoni. Ikaamuru watu wachimbe matuta ya kuuzuia. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya, kwa maana udongo ulikuwa ukiharibika kweli. Lakini watu waliuliza: Kwa nini udongo umechoka? Je, si kwa sababu tumesongamana katika sehemu ndogo tulizotengewa, ilhali ardhi kubwa yenye rutuba wamepewa walowezi wa Kizungu? Wengine waliogopa kwamba wakiisha kuyatengeneza mashamba yao, yatatwaliwa nayo.

Mzigo wa amri hiyo uliwaangukia wanawake. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda Nairobi na katika mashamba ya walowezi kutafuta mshahara, basi waliobaki nyumbani ndio walioitwa. Asubuhi kadhaa kila juma waliacha shughuli zao, wakaenda kuchimba chini ya macho ya machifu na wasaidizi wao, bila malipo yoyote. Asiyefika aliadhibiwa. Walipokwisha kuchimba walirudi kwenye kazi zile zile zilizowangoja: shamba, maji, kuni, watoto na chungu cha jioni. Tena matuta mengi yalikuwa membamba, na mvua kubwa iliponyesha yalibomoka, ikawa lazima yachimbwe upya.

Mwezi wa Julai 1947 ulifanyika mkutano mkubwa huko Murang'a, mji ambao wakati huo uliitwa Fort Hall, na watu wakakata shauri kwamba wanawake wasichimbe tena matuta. Mwezi wa Aprili 1948 wanawake wapatao 2,500 walikwenda mpaka makao makuu ya wilaya wakiimba na kucheza, wakatangaza kwamba hawataifanya kazi hiyo, kwa kuwa kazi waliyo nayo nyumbani yawatosha. Baadhi yao walikamatwa. Wakubwa wa Serikali walisema kwamba wamechochewa na wanasiasa. Huenda wanasiasa walikuwa na neno lao katika jambo hilo. Lakini mtu hahitaji mchochezi wa kumwambia kwamba mgongo wake unauma.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu zaidi. Mwezi wa Oktoba 1952 Serikali ilitangaza Hali ya Hatari ili kupigana na Mau Mau, na tangu mwaka wa 1954 Wakikuyu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa na askari. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, au msituni, au wamekwisha kufa. Wanawake walichimba mahandaki ya kuvizunguka vijiji hivyo, wakachimba na handaki refu la kutenga msitu na mashamba, na saa za kulima chakula cha watoto wao zikawa chache sana. Njaa na maradhi viliingia vijijini.

Wakati huo huo lilitendeka jambo jingine ambalo halikupigiwa kelele nyingi, lakini matokeo yake yamedumu kuliko mahandaki yale. Kwa kufuata mpango uliotolewa mwaka wa 1954, ambao huitwa Mpango wa Swynnerton kwa jina la ofisa wa kilimo aliyeutunga, vipande vya ardhi vya kila jamaa vilikusanywa pamoja, vikapimwa, vikaandikishwa, na mwenyewe akapewa hati. Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa kwa wingi kuliko zamani. Ulikuwa mpango wa maendeleo, nao uliwatajirisha wengi. Lakini jina lililoandikwa katika hati, karibu kila mahali, lilikuwa la mwanamume. Chini ya desturi ya zamani mke alikuwa na mashamba yake ya kulima, ambayo mumewe hakuweza kuyauza kwa urahisi bila ukoo kujua. Sasa ilikuja karatasi iliyomtaja mtu mmoja tu. Mke aliipalilia kahawa na kuichuma. Fedha zilipofika katika chama cha ushirika zililipwa kwa yule aliyeandikishwa.

Yafaa sasa tutaje chama cha Maendeleo ya Wanawake, ambacho kilianza mapema katika miaka hiyo ya 1950 chini ya Idara ya Maendeleo ya Jamii. Wanawake walifundishwa katika Jeanes School pale Kabete, kisha wakarudi makwao kuanzisha vilabu. Katika vilabu hivyo walijifunza kushona, kupika vyakula vya kujenga mwili, kutunza watoto na kuweka nyumba safi. Wakati wa Hali ya Hatari vilabu viligawa maziwa na supu kwa watoto vijijini. Serikali pia ilivitumia kuwavuta wanawake watoke upande wa Mau Mau. Kwa hiyo wako wanaokilaumu chama hicho kwamba kilizaliwa kuwa chombo cha wakoloni, na wako wanaokisifu kwamba kiliwafungua macho wanawake. Nadhani pande zote mbili zina haki. Chombo kikiisha kuwekwa mkononi mwa mtu, si lazima akitumie kwa kazi aliyoiwaza mtengenezaji. Katika vilabu hivyo wanawake walijifunza kuendesha mkutano, kuchagua mwenyekiti, kuandika majina na kuweka hesabu. Mwaka wa 1958 Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa chama hicho, na baadaye alikuwa mbunge wa Karachuonyo.

Vijiji vya Hali ya Hatari vilipovunjwa, watu walirudi katika mashamba yao yaliyopimwa upya, wakawa lazima wajenge nyumba. Hapo ndipo shida ya nyasi ilipojulikana. Kwa desturi ya Wakikuyu, kukata nyasi za kuezekea ilikuwa kazi ya wanawake. Lakini mashamba yalikuwa yamepandwa kahawa na mazao mengine, na mahali palipokuwa pori zamani sasa palikuwa shamba la fulani. Mwanamke alitembea mbali kutafuta nyasi. Na paa aliloliezeka lilivuja baada ya misimu michache, tena liliweza kuteketea kwa cheche moja.

Shida ya pili ilikuwa maji. Nchi hiyo ni ya matuta marefu ya vilima yaliyotengwa na mabonde yenye kina, na mito iko chini kabisa ya mabonde. Nyumba ziko juu. Mwanamke aliteremka akiwa na chombo kitupu, akapanda akiwa amebeba maji mgongoni, kamba ikimkata kwenye paji la uso. Debe la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na debe moja halitoshi jamaa kwa siku. Lakini paa la mabati, likiwekewa mfereji ukingoni na pipa chini yake, hukusanya maji ya mvua. Hesabu yake ni rahisi: kila milimita 1 ya mvua iangukayo juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa la mita mraba 30 likinyeshewa milimita 20 za mvua, huweza kutoa lita 600, yaani madebe 30. Hata robo yake ikimwagika, ni safari nyingi za mtoni ambazo mama hakwenda. Basi mabati hayakuwa pambo. Yalikuwa ni saa za maisha ya mtu zilizorudishwa mkononi mwake.

Lakini mabati yalinunuliwa kwa fedha taslimu, na fedha za kahawa hazikuwa mikononi mwao. Hapo wanawake waliikumbuka ngwatio. Katika miaka ya 1960, hasa katika wilaya za Nyeri na Murang'a, walianza kujiunga katika vikundi vilivyokuja kuitwa vikundi vya mabati. Walikwenda pamoja kulima, kupalilia au kuchuma kahawa katika mashamba ya wengine kwa ujira. Ujira haukugawanywa, bali ulitiwa katika mfuko mmoja. Pamoja na hayo kila mmoja alitoa mchango wake kila juma. Fedha zilipotosha, mwanachama mmoja alinunuliwa mabati. Kisha wakaanza kukusanya kwa ajili ya wa pili, na wa tatu, mpaka wa mwisho.

Ili tuone nguvu ya mpango huu, tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kikundi kina wanawake 25, na kila mmoja hutoa shilingi 2 kwa juma. Kila juma zapatikana shilingi 50, na baada ya majuma manne shilingi 200. Mwanamke mmoja akiweka akiba peke yake shilingi 2 kwa juma, atazipata shilingi 200 baada ya majuma 100. Katika kikundi, wa kwanza atazipata baada ya majuma manne tu, wa pili baada ya manane, na wa kumi na mbili kabla ya mwaka kwisha. Wa mwisho, yule wa ishirini na tano, atazipata katika juma la 100.

Msomaji mwerevu atauliza mara moja: Huyo wa mwisho amefaidiwa nini? Kama angeweka akiba peke yake angefika siku ile ile! Na huyo wa kwanza, akiisha kupata mabati yake, ni nini kitakachomfanya aendelee kulipa majuma 96 yaliyosalia? Maswali haya mawili ndiyo kiini cha habari yote. Wa mwisho alifaidiwa kwa sababu fedha iliyowekwa nyumbani ina maadui wengi: ugonjwa, karo, mgeni, na mume aliyerudi na kiu. Fedha iliyo katika mfuko wa kikundi haikuguswa. Na wa kwanza aliendelea kulipa kwa sababu aliishi kati ya wanawake wale ishirini na wanne, akalima nao, akazaa mbele yao, akazika pamoja nao. Kumwibia mgeni ni jambo moja; kukwepa mchango wa jirani uonanaye naye kila asubuhi njia ya mtoni ni jambo jingine. Hawakuwa na wakili wala hati ya rehani. Dhamana yao ilikuwa jina jema, na benki haikuwa na dhamana iliyo bora kuliko hiyo.

Nchi ilipopata Madaraka, tarehe 1 Juni 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwaita watu wote wajenge taifa kwa Harambee. Wengi hudhani kwamba mwito ule ndio ulioanzisha kazi za kujitolea. Ukweli ni kwamba mwito ule uliwakuta wanawake wakiwa kazini. Shule nyingi za Harambee, zahanati na mifereji ya maji vilijengwa kwa mawe na mchanga waliobeba wao. Na vikundi vya mabati havikukoma mabati yalipokwisha. Viliendelea na matangi ya maji, kisha ng'ombe wa maziwa wa kizungu, kisha karo za watoto. Vingine vilinunua mashamba na majengo ya kupangisha. Mwanamke aliyejifunza kuaminiwa kwa shilingi mbili alikuwa amejifunza pia kuaminiwa kwa elfu mbili.

Sasa tuhame kutoka Nyeri twende Machakos, kwa kuwa huko ndiko jambo la matuta lilikopata jibu lake. Machakos nako Serikali ya Kikoloni ilianza kwa shuruti, na watu walichukia. Lakini katika miaka ya 1950 maofisa waligeuza njia, wakairudia mwethya. Wakaviacha vikundi vichague viongozi wao wenyewe, na wengi wa waliofanya kazi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake. Wakulima wenyewe walipendelea namna moja ya tuta ambayo hata leo wataalamu wa nchi nyingi huiita kwa jina la Kiswahili, fanya juu. Mchimbaji huchimba mtaro kukata mteremko, na udongo huutupa upande wa juu, si wa chini. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka hukamatwa na ukingo huo, na baada ya miaka kadhaa mteremko hugeuka kuwa ngazi zilizo karibu sawa, zenye kushika maji. Ni kazi nzito kuliko kuutupa udongo chini. Hata hivyo waliichagua, kwa sababu ilidumu na iliongeza mavuno.

Baada ya Uhuru kazi hiyo ilipungua kwa miaka michache, maana watu walikuwa wameichoka na yote yaliyofanana na amri za zamani. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 ilirudi kwa nguvu, na vikundi vya wanawake vilikuwa mbele, vikienda zamu kwa zamu shamba hata shamba. Watu wa wilaya hiyo waliongezeka karibu mara sita baina ya mwaka wa 1930 na wa 1990, hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua badala ya kuzidi. Wataalamu waliotabiri kwamba nchi hiyo itakuwa jangwa walishangaa. Wanawake waliochimba hawakushangaa.

Mfano wa tatu ni wa miti. Tarehe 5 Juni 1977 Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika wilaya ya Nyeri, pamoja na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake, walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ulikuwa mwanzo wa kazi iliyojulikana baadaye kwa jina la Green Belt Movement. Maathai alikuwa amewasikia wanawake wa mashambani wakilia kwamba kuni ziko mbali, maji yamepungua, na watoto hawana chakula bora. Aliona kwamba shida hizo zote zina mzizi mmoja, yaani kukatwa kwa miti. Wako waliosema kwamba upandaji wa miti ni kazi ya wataalamu wenye vyeti. Lakini mwanamke aliyeotesha mahindi na maharagwe miaka yote ashindwe kuotesha mbegu ya mti? Wanawake walianzisha vitalu vyao, na kila mche ulioshika walilipwa fedha kidogo. Mwaka wa 2004 Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Alifariki mwaka wa 2011.

Ningekoma hapa, msomaji angedhani kwamba habari hii ni ya ushindi mtupu. Sivyo. Historia isiyotaja upungufu ni sifa tu, si historia. Kwanza, mwanamke maskini kabisa mara nyingi hakuweza kuingia katika kikundi. Asiye na shilingi mbili za kutoa kila juma, au aliyekuwa mgonjwa asiweze kwenda kulima kwa ujira, alibaki chini ya nyasi akiyatazama mabati ya wenzake. Mpango uliosimama juu ya mchango haukuwa na mlango kwa asiye na cha kuchanga.

Pili, nguvu ikionekana huwavuta wenye kutaka kuitumia. Wanasiasa waligundua upesi kwamba vikundi vya wanawake vina watu wengi waliojipanga, wakaviita viwachezee ngoma katika mapokezi yao na kuwapigia kura. Mwaka wa 1987 chama cha Maendeleo ya Wanawake kiliunganishwa na KANU, kilichokuwa chama pekee cha siasa kilichoruhusiwa nchini. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa tena mwezi wa Desemba 1991, muungano huo ulivunjika. Lakini jambo lile la mwaka wa 1948 lilikuwa limejitokeza tena katika vazi jingine: wanawake wakifanya kazi ambayo shauri lake limekatwa na wengine.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Mwanamke alinunua mabati kwa jasho lake, akaezeka nyumba. Nyumba ile ilisimama juu ya shamba ambalo hati yake ina jina la mumewe. Kama mume alikuwa mwema, hapakuwa na neno. Lakini mume akiliuza shamba, au akifa na ndugu zake wakaja kudai urithi, mabati yalikuwa ya nani? Mwanamke angeweza kuyang'oa, lakini asingeweza kuibeba ardhi. Kwa hiyo vikundi viliinua hali ya nyumba bila kugusa msingi uliokuwa chini yake. Msingi huo ulihitaji sheria, wala mchango wa kila juma usingeweza kuununua.

Sheria zilikuja polepole. Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka wa 1972, ilianza kutumika mwaka wa 1981, nayo ilimtambua binti kuwa mrithi pamoja na ndugu zake wa kiume. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikataza ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi, na mwaka wa 2013 ikapitishwa Sheria ya Mali ya Ndoa. Katika kudai mabadiliko hayo wanawake wa vijijini hawakuwa watazamaji. Waliokwisha kuzoea kusema katika mkutano wa kikundi, kuuliza fedha zimekwenda wapi na kumwondoa mweka hazina asiyefaa, walijua pia kusema mbele ya tume na mbele ya mahakama. Hata hivyo sheria ni kama mbegu. Ikikaa ghalani haioti. Familia ni nyingi ambamo haki iliyoandikwa Nairobi haijafika mezani pa wazee.

Leo vikundi vya namna hii viko kila pembe ya Kenya, na watu huviita chama. Wafanyakazi wa ofisini wana chama, na wauzaji wa mboga sokoni wana chama. Wengi hutuma michango yao kwa simu, na hesabu huonekana papo hapo. Lakini zamu ni ile ile, na maswali ni yale yale mawili: kwa nini wa mwisho angoje, na kwa nini wa kwanza aendelee kulipa. Mahali ambapo majirani wana jibu, kikundi husimama. Mahali ambapo hawana, hata simu bora haiwezi kukiokoa.

Kijana unayesoma habari hizi, wanawake walioanza vikundi vya mabati wamebaki wachache, na walio hai ni wazee sana. Mengi waliyoyatenda yameandikwa tu katika madaftari ya shule yaliyokunjamana, yenye safu za majina na mbele yake shilingi mbili, shilingi mbili, shilingi mbili. Madaftari hayo ni kumbukumbu za taifa kama barua za magavana zilivyo, lakini panya huyala na watu huyawashia moto. Ukienda nyumbani wakati wa likizo, mwombe nyanya yako akuonyeshe lake, kama lipo. Mwulize nani alikuwa wa kwanza kupata mabati, nani alikuwa wa mwisho, na nani hakuingia kabisa. Andika majibu yake. Kisha waulize wazee, kwa adabu, hati ya shamba hilo ina jina la nani.